Nje ya Wapi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia inawasomea maisha ya mama huyu kwa mpangilio wa kawaida, kuzaliwa kwanza na kufariki mwisho, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kupangika wala kukaa mahali pamoja, na wengi mliopo hapa mnamfahamu kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake bali na watoto wa mtaani, Nje ya Wapi, jina alilolikasirikia kwanza, akalizoea baadaye, na miaka ya mwisho akawa analiitikia hata sokoni.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1954, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa fundi wa karakana na mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali. Nyumba zile zilijengwa mgongo kwa mgongo, katikati pakabaki uchochoro usio wa upande wowote, na kila jioni kila mama alifagia chumba chake, ukumbi wake na kizingiti chake mpaka sakafu ikang'aa, kisha kwa ufagio ule ule akausukumia uchochoro vyote alivyokusanya. Marehemu akiwa na miaka kama sita alitumwa na mama yake akatupe maganda nje, akatoka nayo, akasimama uchochoroni, akarudi nayo mkononi na kumuuliza mama yake nje ni wapi, kwa sababu pale alipofika aliwakuta wenzake wanacheza. Mama yake alidhani anafanyiwa kiburi, akampa kofi, na kofi hilo marehemu alilisimulia bila kinyongo mpaka uzeeni, akisema lilikuwa jibu la kwanza alilopewa, na kwamba majibu aliyopewa baadaye na wakubwa wa kazini hayakulizidi sana.

Alianza shule ya msingi Januari 1962 na kumaliza mwaka 1968, akaendelea na sekondari hadi 1972, kisha akajiunga na chuo cha afya alikohitimu mwishoni mwa 1975. Walimu wake hawakumlalamikia akili, walimlalamikia kutotulia, yule wa darasa la nne akimhamisha dawati kila mara, si kwa utundu bali kwa kuwa popote alipokaa macho yake yaliteremka sakafuni, yakaona karatasi au kipande cha chaki, naye akainama kuokota katikati ya somo, na wenzake walipogundua hivyo wakawa wanamdondoshea makusudi ili wamwone akiinama.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na idara ya afya ya manispaa kuwa bibi afya wa masoko na mitaro, kazi ambayo wenzake waliichukulia kuwa ya kupitia tu kuelekea ofisini, naye akaifanya mpaka kustaafu, akipandishwa cheo mara tatu na kila mara akipewa meza asiyoikalia, hata mkuu wake wa idara akawa anawaambia wageni kwamba ukimtaka yule usimtafute kwenye kiti, fuata harufu. Mwaka 1979 idara iliweka vibao katika kila kiwanja kilichogeuzwa jalala, vimeandikwa kwa rangi nyekundu USITUPE TAKA HAPA, na wiki chache baadaye marehemu alikuta kila kibao kimesimama peke yake kwenye eneo safi, huku rundo jipya limeota kando yake. Alimkuta hapo muuza nyanya mmoja akimwaga ndoo yake, akamwonyesha kibao, na yule mama, bila dharau wala hofu, akamjibu, "Nimekisoma, bibi afya. Kimesema hapa. Mimi natupa pale." Marehemu alirudi ofisini akicheka peke yake njiani, lakini hadi jioni kicheko kilikuwa kimemkauka, kwa sababu alitambua kwamba yule mama hakumtania, alikuwa ametii, na kwamba ukikisogeza kibao hadi pale patazaliwa pale pengine, mpaka mji mzima ujae vibao, kila hapa pawe safi, na taka zote ziwe pale.

Tangu siku hiyo hakuweza kulisikia neno nje likapita hivi hivi. Mtu akisema amemwaga nje, ametupa nje, amesukumia nje, yeye aliuliza nje ya wapi, akauliza kwenye ukaguzi, kwenye vikao, kwenye karamu za arusi alikoalikwa kula na akaishia kuzungukia nyuma ya jiko, na watoto walipomwona anakata kona walianza kuimba swali lake kabla hajafungua mdomo, wakati wauzaji wa sokoni wakiambiana, bibi afya huyo, ficheni nje yenu.

Ndoa yake nayo ilitoka katika swali hilo. Mwaka 1980 mtaro ulioko mbele ya safu ya mafundi cherehani uliziba na maji yakaingia madukani, marehemu akavua viatu, akaingia, akatoa kwa mkono mabaki ya vitambaa yaliyofungamana kama mkeka, na rangi zake zikafanana na kitambaa kilichokuwa wakati huo huo chini ya sindano ya fundi mmoja kijana. Fundi hakukana, alisema tu kwamba yeye alitupa nje, na alipoulizwa nje ya wapi hakununa wala hakucheka kama wengine, aliutazama mlango wake, akautazama mtaro, akafikiri, kisha akasema, "Nje ya kwangu." Marehemu alikuwa akisema kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu, na kwamba ndiyo sababu alirudi kesho yake kukagua mahali alipokwisha kupakagua, na siku iliyofuata tena, mpaka mafundi wengine wakaanza kumtania mwenzao amalize kuchafua aoe, naye fundi mpaka leo anajisifu kwamba wenzake walichumbia kwa barua, yeye alichumbiwa kwa onyo la manispaa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Juni 1981, na wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba wa kike aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1982, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Desemba 1987, ambaye sasa ni dereva wa magari ya mizigo.

Mwaka 1986, kuanzia Septemba hadi Novemba, akimwacha binti yake mdogo na baba yake, marehemu alipelekwa kozi katika nchi ya mbali ambayo kwa usafi ilikuwa ikitajwa kila kikao, na kilichomshangaza siku ya kwanza hakikuwa barabara wala majengo, kilikuwa karatasi ya kufutia mikono aliyoishika tangu asubuhi hadi alasiri, kwa sababu mitaa ile haikuwa na taka, na pia haikuwa na mapipa. Kwao walikuwa wakiomba mapipa kila bajeti, wakipewa machache, na hayo machache yakajaa siku ya kwanza na gari lisije mpaka siku ya kumi, watu wakaweka taka kando ya pipa, na wengine wakalichukua pipa lenyewe wakahifadhie maji. Sasa alikuwa mahali pasipo na pipa, tena safi, na roho yake haikutulia. Ndipo kwenye kituo cha treni akamwona mzee mmoja wa makamo ya baba yake akimenya chungwa kwenye benchi, akalila, akayakusanya maganda, akayatia katika mfuko wa koti lake, akafuta vidole, akapanda treni na kuondoka. Mzee yule hakuangalia kwanza kama kuna anayemtazama, na jambo hilo ndilo lililomkosesha marehemu usingizi, kwa sababu katika kazi yake alizoea watu ambao kabla ya kutupa, na kabla ya kutotupa, huangalia kwanza.

Alirudi na mzee wa maganda, akamsimulia kila mahali, kwenye vikao vya idara, shuleni, sokoni, kwa wapangaji waliokuwa wanagombana juu ya ngazi isiyo ya mtu, na kila alipomsimulia watu walimpa sababu zao. Waliosema wenzetu wale ni matajiri aliwapeleka nyuma ya kuta za nyumba za matajiri wa mji huu, akawaonyesha yaliyomwagwa upande wa pili wa ua. Waliosema ni faini alikubaliana nao nusu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoza faini miaka mingi na akaona zinavyowafunza watu kuangalia kwanza. Waliosema wale wamezaliwa hivyo, sisi tumezaliwa hivi, hao alibishana nao mpaka akasimama, kwa sababu alijua kuwa ndani mwetu hakuna anayetushinda, tunavua viatu mlangoni, tunasugua sufuria mpaka tukajiona usoni, mgeni akidondosha tone la chai tunaleta kitambaa kabla hajaomba radhi, basi wachafu si sisi, kilicho kibaya ni mahali tulipoweka mpaka. Yule mzee, alisema, hana nje, mji wake wote ni sebule yake, nasi sebule yetu inaishia kizingitini.

Watoto wake walilelewa chini ya mzee huyo. Mifuko ya sare zao ilirudi nyumbani imejaa maganda ya pipi, vijiti na vifuniko vya chupa, baba yao akaishona upya mara kwa mara kwa sababu ilikuwa ikitoboka, na kifungua mimba akapewa shuleni jina la Pipa, akarudi siku moja akilia na kusema hataki tena, naye mama yake, badala ya kumfuta machozi, akamwambia kwamba pipa ni kitu cha heshima. Binti aliacha kulia. Fundi, aliyekuwa kwenye cherehani, anasema kwamba hapo ndipo alipoona wawili hawa wataumizana, kwa kuwa wamefanana, kila mmoja akishika neno haliachi.

Tarehe 11 Agosti 2008 binti huyo alisafiri kwenda kuishi katika nchi ile ile ya mzee wa maganda, na furaha ya marehemu haikuwa ya kufichika, aliwaambia wauza nyanya kwamba mtoto wake anaishi mahali pasipo na nje, na katika hotuba zake mzee wa kituoni akaanza kuandamana na binti, kama shahidi wa pili. Februari 2012 aliombwa kuzungumza katika siku ya usafi ya shule moja ya msingi, na asubuhi ya siku hiyo alimpigia binti simu, akaifungulia sauti na kuiweka juu ya meza ya fundi ya kukatia vitambaa ili mikono yake iendelee kukunja nguo, akamwomba ampe habari mpya kidogo ya kuwaambia watoto, alichokiona jana au juzi kituoni. Binti akamweleza jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuwa amelisema, kwamba anafanya kazi katika kikosi cha kusafisha kituo cha treni, wanaingia kabla ya treni ya kwanza na kutoka kabla abiria hawajawa wengi, wengi wao wakiwa watu waliotoka nchi nyingine kama yeye, na kwamba habari mpya ni hiyo.

"Wanaoweka maganda mfukoni wapo, mama, na wanaoyaacha kwenye benchi wapo," alisema. "Hao wa pili nawajua vizuri zaidi mimi."

Marehemu aliuliza mbona basi yeye hakuona ganda hata moja, na binti akajibu kwamba hakuona kwa sababu aliamka wafagizi wameshapita, kwamba watu hawatupi mahali palipo safi na wanatupa mahali palipokwisha kuchafuka, huko na huku sawasawa, na tofauti ni kwamba huko kuna gari linalokuja siku yake na watu wanaolipwa kufuta ya jana kabla ya leo kuanza. "Si moyo, mama," alisema, "ni zamu."

Kazi yenyewe haikumwudhi marehemu, maisha yake yote alikaa na wafagizi na kuwatetea, kilichomchoma ni mzee wake. Alimwambia binti, "Umeenda huko kunichafulia." Na binti akajibu, "Sijachafua. Mimi ndiye ninayeokota." Simu ikakatwa, fundi hajui ni upande upi ulioikata, na marehemu akavaa viatu akaenda shuleni, akamsimulia mzee wa maganda kama kawaida mpaka akafika kwenye mfuko wa koti, ambapo mwanafunzi mmoja wa kike alinyoosha mkono na kuuliza baada ya hapo aliyapeleka wapi. Marehemu akagundua kwamba hajui, kwa sababu treni iliondoka, na katika miaka yote ile hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza.

Tangu hapo mama na mwana hawakuzungumza moja kwa moja kwa zaidi ya miaka kumi. Salamu zilipita kwa fundi, ambaye kila Jumapili aliiweka simu katikati ya meza, akaifungulia sauti, akamwambia binti mama yako anakusalimu, akamwambia mke wake mtoto anakusalimu, huku wote wawili wakisikiana vizuri na kila mmoja akisubiri kuletewa maneno aliyokwisha kuyasikia. Alipochoka aliwaambia kwamba yeye ni fundi cherehani, si mnara wa simu, wakacheka pande zote mbili, lakini hakuna aliyemwita mwenzake.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Novemba 2014, na kustaafu hakukumweka chini. Alitoka kila siku na mfuko wa kitambaa aliouomba kwa mume wake, akaizunguka mitaa, akasimama kwenye rundo moja, akahama, akarudi, akaandama gari la taka kuona linapoishia, akaingia ofisini kwa vijana walioachiwa kiti chake na kuwauliza maswali mpaka wakawa wakimwona wanajifanya wako kwenye simu. Jambo moja tu hakulifanya. Madai ya binti yake yalipimika kwa urahisi, lilihitajika eneo moja tu, lifagiliwe kila alfajiri kabla watu hawajapita, kisha mtu akae na kutazama kama watu watatupa au hawatatupa, na marehemu, aliyekwisha kujaribu mapipa, vibao, faini na hotuba, hilo hakulijaribu. Fundi aliijua sababu bila kuambiwa. Pakiendelea kuwa safi, binti atakuwa sahihi na mzee wa maganda atakuwa si kitu, na pakichafuka, basi hakuna kitakachofaa kamwe, na yeye atakuwa amepoteza miguu yake bure.

Miguu hiyo ndiyo iliyoanza kuvimba Oktoba 2022. Alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa, akaambiwa kuwa moyo umepanuka na unashindwa kusukuma, akapewa dawa na kukatazwa kutembea, na kati ya hayo mawili katazo ndilo lililomshinda, muuguzi mmoja akimkuta kwenye korido akiokota pamba, mwingine akimkuta kwenye ngazi akiwauliza wageni wa wagonjwa wenzake maganda yao wameyaweka wapi. Januari 2024 hali ikawa mbaya, akarudishwa nyumbani akiwa hawezi tena kuinuka, kitanda chake kikawekwa kwenye chumba cha mbele karibu na dirisha linalotazama uchochoro ulio kando ya nyumba yao, na kitinda mimba, bila kuomba ruhusa ya yeyote, akampigia dada yake.

Binti alifika tarehe 9 Machi 2024. Hakuna aliyejua wataanzaje, ndugu wakajisogeza jikoni wakijifanya kupika, naye akaingia, akaketi pembeni ya kitanda, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono akaanza kutoa vilivyokuwa katika mfuko wa koti lake na kuviweka juu ya meza ya dawa, funguo, karatasi ya biskuti ya kwenye ndege, kijiti cha kukorogea kahawa, kipande cha tiketi. Marehemu alivitazama kimoja kimoja. "Mfuko wako umejaa," alisema. Binti akajibu, "Umeuzoesha wewe." Kuhusu ile miaka hawakusema zaidi ya hapo.

Kesho yake binti aliamka kwa mazoea ya kazi yake, kabla ya wote, akachukua ufagio na kutoka. Alifagia mbele ya mlango, akafagia uchochoro, akaendelea hadi mtaani, akakusanya, akabeba, na hakumwambia mama yake chochote, lakini dirisha lilikuwa wazi na ufagio una sauti. Mchana pakachafuka. Akafagia tena kesho yake, pakachafuka tena, na siku ya tatu jirani wa mbele, fundi vioo, akaja na hasira, akisema kwamba anatangazwa mchafu, wateja wanaona upande wa mwenzake unang'aa na wake hapana, na kwamba huyu mtoto amekaa ng'ambo mpaka amesahau adabu. Binti akamwambia, baba, mimi sijagusa kwako, napita tu. Fundi vioo akaenda zake, na asubuhi iliyofuata akatoka na ufagio wake mwenyewe, akafagia mpaka kwenye mpaka wa duka lake, wala si unywele zaidi, akaacha mstari ulionyooka hata fundi cherehani akasema mbona huyu hakuwa mkata nguo. Kutoka mstari ule mrekebisha simu aliyepakana naye akaona upande wake umebaki peke yake, akanuna, akafagia.

Ndipo marehemu akaanza kuuliza kila asubuhi binti anaporudi na vumbi miguuni. "Leo nje imeanzia wapi?" Na binti akamjibu kwa ukweli, kwa sababu alijua kuwa macho yale yalikwisha kukagua watu wengi mno kudanganywa. Imeanzia kwa fundi vioo. Imeanzia kwenye nguzo ya umeme. Leo imerudi mpaka mlangoni kwetu, mama, jana kulikuwa na mechi. Leo mvua, yote ni nje. Leo imeanzia kwenye kona ya duka la dawa, na gari la taka limekuja. Siku mbaya marehemu alihangaika, akataka kuinuliwa, akataka kujua nani, saa ngapi, ametupa nini, na siku nzuri alihangaika zaidi, akisema isiaminiwe, subirini wiki ijayo.

Alasiri ya Jumatatu tarehe 20 Mei, pumzi ikiwa imepungua, alimwita binti yake akae karibu, akamwambia kwamba amekuwa akimfikiria yule mzee, na kwamba mtoto wa shule aliuliza vizuri, kwa kuwa yeye aliyaona maganda yakiingia mfukoni, hakuyaona yakitoka. "Huenda alingoja treni ikate kona," alisema, "akayatupa dirishani." Alilisema polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Na binti, aliyeokota vya watu wa nchi ile kwa miaka kumi na mitatu, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Wale wapo. Nimewaona wakifika nayo nyumbani." Marehemu alimtazama kwa muda mrefu kujua kama anaongopewa kwa huruma, na ndugu waliokuwepo hawakubaliani mpaka sasa juu ya alichokiona, lakini alimshika mkono na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 2024 binti alikuwa amekwisha kutoka na ufagio. Marehemu aliamka, akamkuta mume wake kwenye kiti, akamuuliza leo nje imeanzia wapi, na fundi, ambaye alimjibu swali hilo mara moja tu katika maisha yake, mwaka 1980, hakujua. Akamwambia angoje. Akavaa kandambili, akatoka, akapita uchochoro, akapita kwa fundi vioo, kwa mrekebisha simu, nguzo, duka la dawa, akaendelea, kwa sababu hakutaka kurudi na jibu la kukisia, akamkuta binti yake karibu na daraja dogo la mtaro wa shule akiwa na wanawake wawili ambao hakuwafahamu, nao wana fagio zao, na baada ya daraja ndipo karatasi zilipoanzia. Akarudi kwa haraka kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Mama huyu alikuwa amefariki, uso wake umegeukia dirishani, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Fundi hajasema kama anajuta kutoka. Aliomba tu kwamba jibu alilolipeleka lisomwe leo, kwa kuwa halikufika, nasi tunalisoma: darajani, baada ya shule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na ya rufaa, waliomtibu mgonjwa asiyelala kitandani, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya afya, na kikosi cha gari la taka ambacho leo kimeliacha gari barabarani na kuja kubeba jeneza, na inawashukuru majirani, hasa fundi vioo, ambaye asubuhi hii, kwa mara ya kwanza, amevuka mstari wake. Binti anasafiri Jumatano ijayo, kazi yake inamsubiri, na ufagio ameuegemeza kwenye ukuta wa uchochoro, upande wa nje. Hakuna aliyepangiwa kuushika. Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu, na ameacha swali lake bila kulimaliza, kama ni moyo au ni zamu, yeye akiwa amehamia upande wa binti na binti akiwa amehamia upande wake, wakapishana njiani.

Lala kwa utulivu uliokukataa maisha yako yote, Nje ya Wapi, nasi sasa tunatoka nje.